Mambo ya kuzingatia kabla ya kuweka nyoka mwingine kwenye kizimba kilichokuwa na ugonjwa wa virusi

Kwanza jua ulikuwa unapambana na nini. Nyoka akifa, mpelekee daktari wa wanyama mzoga upimwe kabla hujauzika. Virusi vya arena, vinavyoleta IBD (inclusion body disease, ugonjwa unaoua nyoka) kwa boa na chatu, vina utando wa mafuta kwa nje, sawa na vile vya nido vinavyoshambulia mapafu ya chatu. Hivyo sabuni na klorini huviweza. Adenovirusi havina utando huo na ni sugu zaidi, kwa hiyo dawa muulize daktari.

Toa kila kitu. Matandiko na ngozi iliyovuliwa vifungwe mfukoni vitupwe. Magogo na vibanda vya mbao navyo tupa, maana mbao inanyonya na dawa haifiki ndani. Gogo zuri linauma kulitupa. Litupe.

Osha kwa maji ya moto na sabuni kabla hujashika blichi, kwa sababu klorini huishiwa nguvu kwenye kinyesi na virusi vikabaki. Kikishatakata, changanya blichi sehemu 1 na maji sehemu 10, paka, uache palowe dakika 10. Wengi hupaka na kufuta papo hapo, kazi bure. Tumia mchanganyiko wa siku hiyohiyo, na usiutie siki wala dawa nyingine ya usafi. Gesi yake inaunguza mapafu. Vaa glavu, fungua madirisha, nyoka wengine wawe chumba kingine. Dawa zenye fenoli usizilete kabisa, ni sumu kwa reptilia.

Sasa utitiri, na hapa nisikilize vizuri. Boa wa rafiki yangu alikufa kwa IBD, naye akasugua kizimba mpaka kioo kikawa kinalia ukikigusa. Akaleta boa mwingine. Haukupita muda, vidoti vyeusi vikaanza kuelea kwenye bakuli la maji, na boa mwenyewe kutwa kucha kajitumbukiza humo. Tulipobandua reli ya plastiki ya mlango, tukakuta utitiri umejazana mferejini pamoja na vumbi jeupe la kinyesi chake. Blichi haikuwahi kufika pale. Utitiri hunyonya damu ya huyu ukahamia kwa yule, na unashukiwa kueneza IBD. Boa yule alipopimwa, alikuwa na ugonjwa huo wa IBD. Labda alikuja nao, hakuna wa kuapa, lakini naye ikabidi auawe kwa sindano.

Kwa hiyo fungua kila skrubu. Kwangua silikoni ya zamani. Mwaga maji yanayochemka kwenye kila mfereji unaostahimili moto, kisha umuulize daktari dawa ya utitiri, kwa kuwa mayai yake hujificha mbali na nyoka.

Fimbo ya ndoano, koleo, bakuli na waya wa kupimia joto vipitie dawa ileile. Suuza mara kadhaa, anika mpaka harufu iishe kabisa. Nyoka waliokuwa chumba kimoja na mgonjwa wapimwe, kwani boa anaweza kubeba IBD miaka bila dalili yoyote. Mgeni akae peke yake miezi 3 hadi 6, ahudumiwe wa mwisho, kwa vifaa vyake. Nguo ulizovaa ukiosha zifuliwe, ndoo isirudi kwa kazi nyingine, na usiazime wala kuazimisha kifaa chochote kwa mfugaji mwenzako kwa sasa.