Somo: Jinsi mpokeaji anavyotambua kwamba pakiti imeharibika njiani

Data husafiri mtandaoni ikiwa imegawanywa katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Ishara inayopita kwenye kebo, nyuzi za mwanga au hewani humfikia mpokeaji ikiwa imefifia, naye hulazimika kuamua kwa kila biti kama ni 0 au 1. Kelele za umeme au kiungio kilicholegea vyaweza kumfanya aamue vibaya, na kwa kuwa hana nakala ya asili ya kulinganishia, hawezi kujua peke yake. Ndiyo maana mtumaji huongeza biti chache zilizokokotolewa kutokana na data yenyewe, na mpokeaji huirudia hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Biti ya pariti. Hesabu biti zenye thamani ya 1, kisha ongeza biti moja ili idadi yake iwe shufwa. Biti moja ikigeuka njiani, idadi inakuwa witiri na kosa linaonekana. Zikigeuka mbili, halionekani. Makosa ya njiani mara nyingi huja kwa mafungu, kwa hiyo pariti pekee haifai kwa pakiti nzima.

Hatua ya 2: Jumla ya ukaguzi. TCP na UDP, kanuni mbili za kusafirisha data mtandaoni, hugawanya data katika vipande vya biti 16, huvijumlisha, hurudisha tarakimu inayozidi upande wa kulia, kisha hugeuza kila biti ya jibu. Ni hesabu nyepesi kwa programu. Udhaifu wake ni kwamba kujumlisha hakujali mpangilio: vipande viwili vikibadilishana nafasi, jumla inabaki ileile.

Hatua ya 3: CRC (cyclic redundancy check, yaani ukaguzi kwa baki la mgawanyo). Mbinu hii, iliyoelezwa na W. Wesley Peterson mwaka 1961, hutumia kugawanya, na hapa inafaa kuchukua kalamu. Tuseme data ni 1101 na kigawanyo ni 1011. Kigawanyo kina biti nne, basi ongeza sifuri tatu mwishoni mwa data, ugawanye bila kukopa wala kubeba: biti zinazofanana hutoa 0, zinazotofautiana hutoa 1.

```
1101000
1011
 1100
 1011
  1110
  1011
   1010
   1011
    001
```

Baki ni 001, kwa hiyo mtumaji hutuma 1101001. Mpokeaji huigawanya namba hiyo nzima kwa 1011, na ikiwa salama baki huwa 000. Biti ya tatu ikigeuka, atapokea 1111001, na baki litakuwa 110, ataitupa pakiti. Kosa hupita bila kuonekana pale tu ruwaza ya biti zilizogeuka inapokuwa yenyewe kigawe cha 1011. Ukipokea 1100010, kwa mfano, baki ni 000 ilhali biti tatu zimeharibika.

Ethaneti, teknolojia ya mtandao wa kebo, hutumia CRC ya biti 32, inayokaa katika baiti 4 za mwisho za fremu (kifurushi kinachoibeba pakiti kwenye kebo). Hiyo hunasa kila fungu la makosa lisilozidi urefu wa biti 32, na kwa uharibifu wa kubahatisha, uwezekano wa kupenya ni takribani 1 kati ya bilioni 4.3.

Hatua ya 4: Fuatilia kinachotokea baadaye. Ethaneti huitupa fremu mbovu kimyakimya. TCP, isipopata uthibitisho wa kupokelewa, hutuma tena. UDP haifanyi hivyo. Kwenye Linux, amri ya `ip -s link` huonyesha hesabu ya makosa ya kupokea, na ikiendelea kupanda, mimi huanza kwa kubadilisha kebo kabla ya kugusa mipangilio yoyote.

Jambo linalosahaulika ni kwamba CRC hulinda kiungo kimoja tu, yaani safari kutoka kifaa kimoja hadi kinachofuata. Ruta, kifaa kinachopitisha pakiti kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, huikagua fremu, huivua, kisha hutengeneza fremu mpya yenye CRC mpya. Data ikiharibika ndani ya kumbukumbu ya ruta, CRC hiyo mpya itathibitisha data mbovu. Hapo ndipo jumla ya TCP, ijapokuwa dhaifu, inapohitajika, kwa sababu hukokotolewa na mtumaji wa kwanza na kukaguliwa na mpokeaji wa mwisho.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini IPv6 haina jumla ya ukaguzi kwenye kichwa chake?*

IPv4 na IPv6 ni matoleo mawili ya kanuni ya kuelekeza pakiti mtandaoni, na kichwa ni sehemu ya mwanzo yenye maelezo ya pakiti. Katika IPv4 kila ruta hupunguza kihesabu cha uhai wa pakiti, hivyo hulazimika kukokotoa jumla upya. IPv6 iliondoa kazi hiyo, lakini ikafanya jumla ya UDP, ambayo ni ya hiari katika IPv4, kuwa ya lazima kwa kawaida.

*Je, CRC yaweza kuonyesha kwamba mtu amebadilisha data makusudi?*

Hapana. Anayebadilisha data anaweza kukokotoa CRC mpya, kwa kuwa hakuna siri ndani yake. Kwa hilo tumia msimbo wa uthibitishaji wenye ufunguo, kama HMAC, au saini ya kidijitali.

*Nimeandika programu ya CRC-32 kwa kufuata mgawanyo huu, lakini jibu halilingani na la programu nyingine. Nimekosea wapi?*

Huenda mgawanyo wako ni sahihi. CRC-32 ya Ethaneti huanza na rejista (nafasi inayoshikilia baki wakati wa hesabu) iliyojaa 1, la sivyo sifuri zinazoongezeka mwanzoni mwa ujumbe zisingebadilisha baki. Pia husoma kila baiti kuanzia biti yenye thamani ndogo zaidi, na mwishoni hugeuza biti zote za jibu. Rekebisha hayo matatu, kisha jaribu maandishi 123456789: jibu linapaswa kuwa CBF43926.