Namna ya kupima hadithi ya mapenzi na uchawi mbele mainite ya telefone yako hayajaisha

Hapa Bukavu kuko wasomaji wengi wa telefone wenye wanapenda zile hadithi za kutuliza roho: mchawi amechoka na mambo ya mji anafungua duka la chai, joka linalala jikoni, jirani mzuri anapita kila asubuhi, mapenzi polepole, hakuna vita. Fashoni hii ilishika nguvu toka 2022, wakati Travis Baldree alitoa Legends & Lattes, ile ya mwanamke mpiganaji aliyeacha upanga akafungua mkahawa. Toka hapo zimeandikwa nyingi mno na ingine, mama weee, jalada tamu ndani hakuna kitu.

Anza na maneno ya nyuma ya kitabu. Andika mu kikaratasi ahadi zake, mara nyingi ni fasi nzuri, kazi ya mikono na mapenzi. Kisha pakua kile kipande cha bure, Kindle, ile app ya Amazon ya kusomea vitabu, inakitoa, usome ukitafuta hizo tu.

Kazi njo inatoboa siri haraka. Na sisi kahawa tunaijua, mtu wa Kalehe ao Idjwi atakuambia zile mbegu nyekundu zinachumwa, zinamenywa, zinachachishwa, zinaoshwa, zinaanikwa juu ya meza na wamama wanazigeuza kwa mikono siku nyingi huku wanatoa mbovu. Simwombi mwandishi anieleze yote hayo. Lakini kama dada amefungua mkahawa na mpaka shapita ya tano hajaunguza kahawa hata mara moja, hakuna mteja wa kuomba deni, hakuna jirani wa wivu, ule mkahawa ni pazia tu. Watu wanafikiri hakuna vita maana yake hakuna shida, bongo hiyo! Shida ndogo inatosha, gunia limeloa mvua, pesa ya nyumba haijatimia, ila iumize mtu kweli, na ukiona kila kitu kinatengenezwa na fimbo ya uchawi mu mistari miwili, weka alama mbaya.

Mapenzi sasa. Mtoe mpenzi mu hadithi, akilini tu, uone kama duka bado linafunguka vilevile na dada bado anaamua vilevile. Kama ndiyo, yule ni mapambo. Angalia pia wanaongea nini wakiwa wawili, juu kusifia macho kurasa mia haijaonyesha kwa nini huyu na si mwingine. Na kama ugomvi wao ungeisha kwa swali moja, "Yule uliyekuwa naye jana ni nani?", na hakuna anayeuliza, mwandishi anakulia saa tu.

Ukishafika robo ya mwisho chunga mfalme mbaya anayetokea na jeshi bila kutajwa mbele. Hapo mwandishi ameogopa utulivu wake mwenyewe, mimi hiyo njo inaniudhi kupita zote.

Kikifeli kazi na mapenzi vyote viwili, acha, hakuna mtu anakulipa kumaliza. Kikifeli kimoja, ruka ruka usome sehemu zenye ziko na uhai. Na ukiandika maoni, taja ahadi ya jalada, taja shapita yenye imeivunja, mwandishi mwenyewe usimtukane, na usitoboe nani anaoa nani juu kuko wengine bado wanasoma.