Jinsi ya kufundisha fasihi ya zamani kwa kutumia komiki za masuperhiro

Walimu wengi wakileta komiki darasani wanaigeuza pipi, yaani soma hii kwanza ili baadae ukubali kumeza riwaya. Madogo wanashtukia mapema, wanamaliza picha na riwaya inabaki kwenye dawati. Ukitaka iende, komiki nayo isomwe kwa umakini uleule, halafu usichague kwa kuangalia shujaa gani anabamba sasa hivi. Chagua kwa swali, swali moja ambalo vitabu vyote viwili vinalijibu ila majibu hayapatani.

Mfano ninaoupenda ni Hulk, lile jitu la hasira la kwenye komiki, na riwaya fupi ya Stevenson ya 1886, ya Dr Jekyll na Mr Hyde, daktari anayejigeuza kuwa mtu mwovu aitwaye Hyde. Hapo hata haulazimishi uhusiano, maana mwandishi Stan Lee, aliyemuunda Hulk akishirikiana na mchoraji Jack Kirby mwaka 1962, alishasema mwenyewe kwamba wazo lilitoka kwa Jekyll na Hyde pamoja na riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley. Anza na riwaya, ukitanguliza komiki watamsoma Hyde kama jitu la kijani tu. Wakifika katikati waambie kila mtu amchore Hyde anavyomuona kichwani, na usishangae ukiletewa mibaba yenye misuli na mashati yaliyochanika. Sasa warudishe kwenye maandishi watafute anavyoelezewa: Hyde ni mdogo! Nguo za Jekyll zinampwaya, na mwishoni Jekyll anaeleza kwamba ule upande wake mbaya ulikuwa haujatumika sana ndo maana ukatoka mdogo. Waulize kwa nini Stevenson kaufanya uovu uwe mdogo na Kirby kaifanya hasira iwe kubwa, halafu nyamaza, waache wabishane.

Swali linalofuata ni nani wa kulaumiwa. Jekyll anakunywa dawa ya kumgeuza Hyde kwa kupenda kwake na anajua anachokitafuta, Bruce Banner, mwanasayansi anayegeuka Hulk, yeye anapigwa na miale ya gama akiwa anamuokoa kijana aliyeingia kwenye eneo la kujaribia bomu. Ligawe darasa pande mbili na sheria iwe moja tu, hoja isiyo na mstari wa kitabu au fremu (kisanduku cha picha kwenye komiki) ya kuonyesha haihesabiki.

Kusoma picha nako kunafundishwa, usidhani wanajua kisa wamekulia kwenye komiki. Waonyeshe ile nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu, pale kuna tukio halijachorwa na msomaji ndo analijaza mwenyewe. Waangalie pia fremu ipi imepewa ukurasa mzima na ipi imebanwa kwenye kona. Rangi pia, ila kwa tahadhari kidogo: Hulk wa toleo la kwanza alikuwa wa kijivu, kijani kilikuja toleo la pili kwa sababu za uchapaji, kwa hiyo atakayeanza kutoa maana nzito za kijani mtacheka naye kidogo.

Batman na Hamlet wa tamthilia ya Shakespeare wanaendana pia, Batman kauliwa wazazi, Hamlet kauliwa baba, ila Hamlet anaahirisha kisasi na Batman kila usiku yuko kazini.

Kama muda ni mdogo chukua shairi. Ozymandias la Percy Shelley, la 1818, linamhusu mfalme aliyejisifia ukuu ila sanamu lake limebaki vipande jangwani, na lina mistari 14 tu, liweke na komiki ya Watchmen ambamo mhusika mmoja kajipa jina hilohilo na anaamini kaiokoa dunia. Ila Watchmen sio ya watoto jamani, kuna damu na kuna jaribio la kubaka, isome yote wewe kwanza kisha chagua kurasa chache za kuwapa wanafunzi wakubwa.

Kazi ya kusahihisha isiwe insha ya kulinganisha na kutofautisha, zile zinachosha hata anayesahihisha. Wape ukurasa mmoja wa riwaya wauchore kwa fremu sita, nyuma ya karatasi waandike sentensi zipi wameziacha na kwa nini. Maksi nyingi ziwe huko nyuma, asije fundi wa kuchora akaondoka nazo zote.