Namna ya Kupima Maji ya Kisima cha Nyumbani Vijijini

Katika vijiji vya Arumeru, Singida na maeneo mengine yanayopitiwa na Bonde la Ufa, familia inayofanikiwa kuchimba kisima uani huwa imejiondolea adha kubwa ya kwenda mbali na ndoo kichwani. Maji yakitoka maangavu na yasiyo na harufu, watu huyanywa kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo, vitu viwili vinavyopaswa kuhofiwa zaidi katika visima vya ukanda huu, yaani vijidudu vya kinyesi na madini ya floraidi, ambayo yakizidi huharibu meno, havionekani kwa macho na havionjeki kwa ulimi. Njia pekee ya kuvitambua ni kupima, na kwa kisima cha mtu binafsi jukumu hilo ni la mwenye kisima.

Floraidi hutoka katika miamba ya volkano ambamo maji ya ardhini hupita au kukaa kwa muda mrefu. Kwa kuwa miamba hubadilika hata ndani ya kitongoji kimoja, visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo majibu ya kisima cha jirani hayawezi kuwa majibu ya kisima chako. Jambo ambalo ningependa kila mzazi alifahamu ni kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi; maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, madini hubaki na kuzidi kukolea katika maji yaliyosalia.

Anza kwa kufika katika ofisi ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ya wilaya yako, au moja kwa moja katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu nawe, uulize gharama, siku za kupokea sampuli, na kama wanatoa chupa zao. Usiombe tu “kupima maji”, bali taja unachotaka kipimwe. Kwa kisima cha ukanda wa volkano, omba floraidi, bakteria wa E. coli (ambao huashiria kinyesi), nitrati, kiasi cha chumvi, tope na kiwango cha uchachu. Aliye karibu na machimbo ya dhahabu, kwa mfano Geita, aongeze aseniki na zebaki, na aliye pwani atilie mkazo chumvi, kwa sababu maji ya bahari huweza kuingia kisimani pale maji ya ardhini yanapovutwa kupita kiasi. Fedha zikiwa haba, ningeanza na floraidi na E. coli kabla ya kingine chochote.

Uchukuaji wa sampuli ndio hatua inayoharibiwa mara nyingi zaidi, na sampuli mbovu hutoa majibu ya uongo hata maabara ikiwa bora kiasi gani. Kwa vijidudu, tumia chupa iliyotakaswa na maabara yenyewe. Chupa ya soda au ya maji ya dukani, hata ikioshwa vizuri, haifai. Nawa mikono kwa sabuni. Ikiwa kisima kina pampu, pampu kwa dakika tano hivi ili maji yaliyolala ndani ya bomba yaishe, kisha safisha mdomo wa bomba kwa spiriti na uache maji yatiririke tena kidogo. Fungua chupa wakati huo tu, usiguse mdomo wake wala upande wa ndani wa kifuniko, usiisuuze, na acha nafasi ndogo juu. Kwa kisima cha kuchota kwa kamba, omba maabara chombo kilichotakaswa cha kuteremshia, kwa sababu ndoo ya kila siku huwa imekwisha kulala chini na kushikwa na mikono mingi, na ukiitumia utakuwa umepima ndoo badala ya kisima.

Weka chupa hiyo ndani ya deli lenye barafu, mbali na jua, na uifikishe maabara siku hiyohiyo. Ikishindikana kabisa, isizidi saa 24, kwa maana bakteria huendelea kufa au kuzaliana njiani. Anayetegemea basi la asubuhi achukue sampuli alfajiri, si jioni ya kuamkia safari. Sampuli ya floraidi haina haraka hiyo, ila iwekwe katika chupa ya plastiki, si ya kioo, na chupa isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho. Andika juu ya kila chupa tarehe, saa, mahali, na kina cha kisima kama unakijua.

Majibu yakija, tazama kwanza E. coli: katika mililita 100 za maji asipatikane hata mmoja. Floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita, kiwango ambacho kikipitwa huwa cha hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Nitrati nyingi pamoja na E. coli mara nyingi huashiria choo cha shimo au zizi lililo karibu mno na kisima.

E. coli akipatikana, chemsha maji yote ya kunywa wakati unatafuta chanzo: sakafu iliyopasuka kuzunguka kisima, mfuniko usioziba, au choo kilicho upande wa juu wa mteremko. Rekebisha hayo kwanza, ndipo utie dawa ya klorini kisimani kwa maelekezo ya afisa afya, kisha upime upya. Pima pia baada ya mvua za kwanza za masika, kwa kuwa ndizo zinazosukuma uchafu wa juu kuingia ardhini.

Floraidi haina dawa ya kumimina kisimani. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanyia kazi chujio la mifupa iliyochomwa, na chujio la aina hiyo hufanya kazi vizuri hadi mifupa inapochoka, ndiyo sababu maji yanayotoka humo lazima nayo yapimwe mara kwa mara. Familia isiyo na chujio itenge maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto walio chini ya miaka minane, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka ndani ya fizi. Maji ya kisima yaendelee kutumika kwa kufua, kuoga na usafi wa nyumba. Katika nyumba hizo magadi yasitiwe kwenye maharage au makande, kwa kuwa magadi ya ukanda huu nayo hubeba floraidi.