Yatambue mafunjo kabla ya kufyeka kinamasi

Kabla ya kushika panga, papasa shina moja. Shina la mafunjo lina pembe tatu zenye kona butu, ni laini na halina kifundo hata kimoja. Ukilikata unakuta moyo mweupe mwororo. Likikomaa hufika mita 3 hadi 5. Majani huwezi kuyaona. Yamebaki magamba ya kahawia tu kwenye kitako. Kileleni kuna kichwa cha nyuzi nyingi za kijani zilizotawanyika pande zote.

Matete yasikusumbue: shina lake ni la duara, lina uwazi na vifundo, na majani yamepanda hadi juu. Kazi ipo kwa ndugu za mafunjo wa jamii ya ndago, maana nao wana shina la pembe tatu. Tazama kitako cha shina. Hao huwa na majani marefu, na ya baadhi yao hukata mkono.

Mafunjo hutaka maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia au yanayokwenda polepole, mwaka mzima, kama kingo za Ziwa Victoria, kinamasi cha Yala nchini Kenya na bonde la Malagarasi nchini Tanzania. Matete huvumilia ardhi inayokauka kwa miezi, mafunjo hayawezi. Kwa hiyo yaliponawiri, mara nyingi chini kuna mboji nzito iliyolowa, au mkeka wa mizizi unaoelea. Chomeka fito ya mita 2. Ikizama bila kugota udongo mgumu, usiingie peke yako, wala usifikirie kuchimba mfereji.

Mboji ikikaushwa husinyaa na shamba hudidimia. Moto ukiingia hufukuta chini kwa chini. Penye salfa nyingi udongo hugeuka mchachu. Mavuno ya kwanza huwa mazuri, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Ukivuna kwa mikeka au paa, kata mashina yaliyokomaa tu, juu ya usawa wa maji, uache machipukizi. Kipande kilichovunwa kipumzike mwaka mzima. Usichome moto.

Maji yakipungua, zuia ng'ombe: miche huota kwenye tope lililoachwa wazi, nao huila na kuikanyaga. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Pima kabla hujalima.