Kununua mtoto wa paka wa mbegu safi Ufaransa: msilipe "pesa ya usafiri"

Ndugu zangu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi mlioko Ufaransa, naanza na jambo lenyewe: mfugaji wa kweli anakukaribisha kwake umwone paka na mama yake, na hakudai pesa ya usafiri kabla hujakanyaga mlangoni pake. Mengine ya humu mnaweza kuyapitia haraka. Hili mlisome mara mbili.

Binti yangu alikuwa anataka British Shorthair, wale paka wa kijivu wenye uso wa mviringo na manyoya mazito. Kwa mfugaji anayefuata sheria, paka huyo mara nyingi anafika euro 1,000 na kupanda. Tangazo lililotushika lilisema 250. Sababu ilikuwepo: mwenyewe amehamishwa kikazi kusini na nyumba mpya hairuhusu wanyama. Picha za mama wa paka zilikuwepo, kitabu cha chanjo kimepigwa picha, hata kitambulisho chake alikituma kwa WhatsApp bila kuombwa. Na alikuwa na adabu! Kila asubuhi salamu, kila jioni anauliza kama mtoto amekwisha kuchagua jina.

Tukatuma 250. Kesho yake ikaandika kampuni ya kusafirisha wanyama, yenye tovuti, nembo ya ndege na namba ya kufuatilia mzigo. Paka amefika kiwanja cha ndege, walisema, lakini kizimba chake hakifuati sheria. Lipeni 380 ya kizimba chenye hewa, zote zitarudishwa paka akishafika. Halafu ikaja bima, nayo ya kurudishwa. Halafu chanjo iliyoandikwa vibaya. Halafu chakula cha kila siku anayokaa pale, pamoja na onyo kwamba tukichelewa tutashitakiwa kwa kumtelekeza mnyama. Paka hakuwepo. Hakuna kizimba, hakuna ndege, na mtu wa kusini hajulikani yuko nchi gani.

Sasa sikilizeni kwa nini mtego huu unatunasa sisi kwa urahisi. Mtu aliyekulia hapa akidaiwa mara ya pili anashituka, kwa sababu amezoea bei moja, iliyoandikwa, iliyokwisha. Sisi tumelelewa na madirisha. Ukienda kutoa mzigo mpakani Ruzizi, unalipa dirisha la kwanza. La pili linasema la kwanza halikuandika vizuri. La tatu linataka muhuri. Na mwenye ufunguo wa depo naye anataka ya sukari. Na mwishowe mzigo unatoka. Kwetu ukivumilia, mzigo unatoka! Kwa hiyo dai la tatu halitutishi, tunaliona kama dalili kwamba tumekaribia. Tapeli wa paka anajengea hapo hapo. Anadai kidogo kidogo, kila dai lina jina lake na karatasi yake yenye muhuri, na kila moja anasema itarudishwa.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa aliyeko Ibanda kule Bukavu, nilimweleza kwa sauti ya WhatsApp. Jibu lake nalihifadhi mpaka leo: "Weye lipa tu, mzigo ukilala forodhani unapotea." Akatuma na dola 100 za kuuza vitenge pale Nyawera ili mtoto asilie. Yaya, nakuheshimu na moyo wako naujua. Lakini ninyi mlioko nyumbani, mtu wa huku akiwaambia kitu kimekwama forodhani, msimsukume kulipa. Mwulizeni kwanza: umekiona kitu hicho kwa macho yako? Mwenye kukiuza umekaa naye? Paka wa kutoka mji mmoja wa Ufaransa kwenda mwingine hapiti forodha yoyote. Neno hilo peke yake lingetosha kufunga simu.

Benki ilipoanza kuuliza maswali juu ya malipo, matapeli wakatuambia tununue kuponi kwenye tabac, duka la sigara, zile za kujazia kadi, tuwatumie namba. Shikeni hili kwa mikono miwili: hakuna msafirishaji, hakuna daktari wa wanyama, hakuna ofisi ya serikali Ufaransa inayolipwa kwa namba za kuponi. Ukiombwa kuponi, zungumzo limeisha. Usijibu hata kwa adabu.

Paka halali anajulikanaje? Tangazo la kuuza paka hapa sheria inalidai mambo: namba ya SIREN (ya usajili wa biashara) ya mwenye kuuza, umri wa watoto, idadi yao katika uzao ule, namba ya utambulisho ya kila mtoto au ya mama yao, na kama wameandikishwa LOOF, kitabu cha ukoo wa paka, au la. Anayeuza uzao mmoja tu kwa mwaka, ulioandikishwa LOOF, anasamehewa SIREN, lakini lazima aweke namba ya faili lake la LOOF. SIREN unaikagua bure kwenye Annuaire des Entreprises, tovuti ya serikali.

Msitosheke na hapo. Tangazo lililotunasa lilikuwa na SIREN ya kweli, ya mfugaji wa kweli wa mkoa mwingine kabisa, aliyeibiwa namba pamoja na picha za paka wake. Nilipompata kwa simu, mama yule alikuwa amechoka kupokea watu wenye kilio kama changu. Kwa hiyo simu ya mfugaji itafuteni kwa njia nyingine, si ile iliyoko kwenye tangazo, mpigieni, mwulize kama paka ni wake. Simu moja ya dakika mbili. Kama angepigiwa kabla ya malipo, vitenge vya yaya vingebaki salama.

Jambo la umri nalo linakamata wengi. Ukiambiwa mtoto wa paka wa wiki 9 anatoka Rumania au nje ya Ulaya, kataa. Mnyama anayeingia Ufaransa lazima awe na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo haipigwi kabla ya wiki 12, na zinatakiwa siku 21 zipite ndipo ihesabike. Jumlisheni: hakuna paka wa kigeni anayeingia kihalali chini ya wiki 15. Waliopo chini ya hapo, ama umri umedanganywa, ama wamepitishwa kwa siri, ama hawapo. Aliyezaliwa hapa anaweza kuuzwa kuanzia wiki 8, ingawa wafugaji wazuri wengi wanamwacha kwa mama yake hadi karibu wiki 12.

LOOF ndiyo ofisi pekee Ufaransa inayotoa cheti cha ukoo cha paka. Asiye nacho, hata akifanana na British namna gani, kisheria si wa mbegu safi. Atauzwa kama paka anayefanana nao tu, na bei ishuke hapo. Anayewapa bei mbili, 900 pamoja na cheti na 600 bila cheti, mwondokeeni. Mfugaji anaandikisha uzao wote tangu kuzaliwa, cheti hakiuzwi pembeni. Kinaweza kuchelewa kufika baada ya paka, hiyo ni kawaida. Lakini namba ya faili iwepo tayari kwenye karatasi ya mauzo.

Arubuni: itolewe baada ya kumtembelea, kwa mkataba. Hapa soma neno lililoandikwa. Likiwa "arrhes", ukijitoa wewe unaipoteza, akijitoa mfugaji anakurudishia mara mbili. Likiwa "acompte", umekwisha kununua, na ukigeuka anaweza kukudai bei yote. Na narudia: kutembelea kwanza, pesa baadaye. Hata kama treni ni ghali. Hata kama anasema kuna familia nyingine inamngoja.

Paka wetu tulimpata mwishoni kwa mama mmoja kwenye kijiji cha upande wa Arras. Watoto wa paka wanaishi sebuleni, si bandani. Jike lao lilikuja likalala juu ya kiatu changu. Kabla ya sisi kuuliza lolote alituuliza yeye: mnakaa ghorofa ya ngapi, dirisha lina wavu, mchana nani yupo nyumbani, mkienda likizo Kongo paka atabaki na nani? Kisha akachukua kile kifaa kidogo cha kusomea chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi, akakipitisha shingoni mwa mtoto, kikalia, zikatokea tarakimu 15. Akatupa karatasi tulinganishe wenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Chipu za Ufaransa huanza na 250. Ikianza na namba nyingine, uliza paka amezaliwa wapi. Alituonyesha pia majibu ya vipimo vya wazazi: vya moyo, na kile cha figo zenye malengelenge, ugonjwa unaorithiwa ambao kwa Persian na British lazima uuliziwe. Mkinunua Maine Coon au Sphynx, ulizeni kipimo cha moyo kabla ya rangi. Na Scottish Fold, yule wa masikio yaliyokunjika, mimi nasema wazi msimnunue. Mkunjo ule ni ugonjwa wa gegedu, unaenda hadi kwenye viungo vya miguu, na Flandres ya Ubelgiji imeshakataza kuwazalisha.

Kabla ya kumchukua mnasaini karatasi ya kuahidi kwamba mnajua mahitaji ya paka, na lazima siku 7 zipite kati ya sahihi na kumchukua. Ni sheria ya Novemba 2021, iliyoanza kutumika Oktoba 2022. Jamaa zetu wengi wanaona ni usumbufu: paka naye anataka siku za kufikiri? Mimi naona ni moja ya sheria nzuri za nchi hii. Tapeli anaishi kwa haraka, na siku 7 zinamnyima haraka. Tangu Januari 2024 hata maduka ya wanyama hayaruhusiwi tena kuuza paka na mbwa. Ninachowalaumu Wafaransa ni kingine: wanaandika sheria nzuri, kisha wanakuacha uzigundue peke yako. Kwetu, ukimwuliza mtu yeyote sokoni, atakuvuta kando akuambie yule si mtu, usinunue kwake. Hapa jirani ataona umebeba kikapu kitupu kurudi nyumbani na atafunga mlango wake polepole. Ndiyo maana tunapaswa kuambiana sisi kwa sisi.

Na msionee haya bei. Najua maneno ya shangazi: Kadutu paka wanazurura bure, wewe unatoa euro 1,200! Anayetaka paka tu, aende SPA, shirika la kutunza wanyama waliotupwa, atapata mzuri kwa gharama ndogo, amekwisha kuchanjwa na kuhasiwa. Lakini anayetaka wa mbegu safi alipe bei yake yote, mahali pa haki. Bei ya huruma ndiyo iliyotumeza.

Siku ya kumchukua mnapewa hati ya mauzo, cheti cha daktari wa wanyama, kitabu cha afya na karatasi za I-CAD, daftari la taifa la wanyama wenye chipu, za kubadilisha jina la mwenye paka. Mpelekeni kwa daktari wenu siku mbili tatu za kwanza, msisubiri augue. Sheria ina magonjwa inayowalinda nayo, ila muda ni mfupi: kwa typhus ya paka (ugonjwa mkali wa tumbo) daktari lazima aandike shaka yake ndani ya siku 5 tangu kukabidhiwa, leukosisi (virusi vinavyoshusha kinga) siku 15, PIF (uvimbe wa utando wa tumbo) siku 21, na shauri lifunguliwe ndani ya siku 30.

Aliyekwisha kutuma pesa kwa tapeli apigie benki saa hiyo hiyo aombe kurudishwa kwa fedha, asifute ujumbe wowote, na apeleke malalamiko kupitia THESEE, mfumo wa serikali wa utapeli wa mtandaoni. Mkikutana na askari anayewaambia ni paka tu, ombeni karatasi ya malalamiko hata hivyo. Hawana haki ya kukataa kuipokea. Na msilipe tena kwa yule atakayejitokeza baadaye akisema ni wakili wa kuwarudishia pesa zenu. Ni watu wale wale.

Neno la mwisho ni kwa wanaoandikiwa na ndugu kule Goma au Bukavu: "Tununulie dume na jike, tufanye biashara." Wafugaji wengi wanauza paka wa kukaa naye tu, na mkataba unadai ahasiwe. Halafu kuna safari. Kwenda kunawezekana, akiwa na chipu na chanjo ya kichaa cha mbwa, na mkipita Kigali mulize masharti ya Rwanda kabla. Kurudi ndiko kunakonasa watu. Kongo haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa na Ulaya, kwa hiyo paka anatakiwa kipimo cha damu cha kinga ya kichaa cha mbwa, damu itolewe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kwenye maabara iliyokubaliwa na Ulaya. Ikitolewa huko nje, mnasubiri miezi 3 ndipo aingie. Ikitolewa hapa kabla ya kuondoka na matokeo yakawa mazuri, hamsubiri, mradi daktari ameyaandika kwenye pasipoti ya paka. Basi fanyeni kipimo kabla ya kukata tiketi, na karatasi ya maabara ikae pamoja na pasipoti hiyo.