Namna ya Kuanzisha Mazoezi ya Futiboli ya Vitambaa Mbeya

Timu za taifa zitakazoshindana katika futiboli ya Kimarekani kwenye Olimpiki ya Los Angeles, mwaka 2028, zitacheza futiboli ya vitambaa (flag football), aina isiyo na kuangushana, ambayo hata kijana wa Uyole anaweza kuijaribu bila kofia ngumu wala mavazi ya kinga.

Pima uwanja wa mita 64 kwa 23, uchore mistari kwa chokaa, kisha utenge mita 9 kila mwisho ziwe eneo la kufungia. Kila upande huwa na wachezaji 5, na kila mmoja hufunga mkanda wenye vitambaa vinavyoning'inia kiunoni (vipande vya kitenge chakavu vinatosha kwa mazoezi, mradi vichomoke kwa urahisi). Mpinzani akichomoa kimoja, mwenye mpira amesimamishwa. Anza kufundisha hapo, kwani waliozoea soka hukimbilia kumkaba mtu kwa mwili. Timu hupewa majaribio 4 ya kuvuka mstari wa kati, na ikivuka hupata mengine 4 ya kufunga kwa pointi 6. Msimu wa mvua, fanyeni mazoezi asubuhi.